Skuli Iliyochelewa kwa Shaikha

Kheiria alifika Maskati mwishoni mwa 1964 pamoja na kaka yake Harub, mjane, na Shaikha, binti wa Harub, aliyekuwa na miaka minane. Unguja Kheiria alisomesha skuli ya wasichana miaka kumi na moja. Mkuu wake, Mwingereza mmoja aliyelelewa na bibi wa zama za Malkia Viktoria, akiamini kuwa mwanamke ni pambo la nyumba: ajue kushona, aseme taratibu, na hisabati nyingi itamdhoofisha. Kheiria akimwitikia, kisha akifunga mlango wa darasa na kuwafundisha wasichana kuzidisha na kugawanya.

Maskati serikali haikuwa na skuli ya wasichana. Akamsomesha Shaikha jikoni, akiandika sakafuni kwa mkaa. Mtoto alishika upesi, na baada ya miaka mitatu akaanza kuwasomea majirani barua zao. Maneno yakaenea mtaani.

"Basi tena, Kheiria," Harub alisema. "Nani atamposa msichana anayejua siri za barua za watu?"

"Wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka skuli, kaka."

"Nnajua." Harub hakumtazama. "Kule tulikuwa kwetu. Hapa wanatuita Wazanzibari, na kila tunalofanya linatazamwa."

Kheiria angeweza kubisha. Hakubisha, kwani alikuwa akila na kulala kwa Harub. Akapiga deki sakafu, akafuta maandishi yote ya mkaa. Shaikha alilia siku mbili, halafu hakuomba tena kusomeshwa, na hilo ndilo lililomtisha shangazi yake zaidi. Alipotimia miaka kumi na tatu aliozwa Yiti, kijiji cha pwani nje ya Maskati.

Mwaka 1970 serikali ilifungua skuli ya wasichana, na walimu wakatafutwa. Harub mwenyewe ndiye aliyeleta habari, na Kheiria akakubaliwa kusomesha. Kheiria alikwenda Yiti siku ya pili yake. Alimkuta Shaikha anaparua samaki, mtoto mgongoni, na mimba nyingine imeshaonekana.

"Nimekuombea nafasi ya kusoma," Kheiria alimwambia. "Nitazungumza na mumeo."

"Nishazungumza naye, shangazi. Amekataa." Shaikha akageuza samaki upande wa pili. "Na herufi zenyewe zinanipotea. Juzi nilishindwa kusoma jina langu kwenye karatasi ya dawa."

Kheiria alikaa naye mpaka alasiri, akamsaidia kuparua. Jumamosi, wiki ya skuli ilipoanza, aliingia darasani, akakuta wasichana arubaini wamekaa chini juu ya mikeka. Alianza na alifu, akaiandika sakafuni kwa mkaa kama alivyomwandikia Shaikha.