Tope la Baba Mkwe

Mwaka ule tuliokula unga wa njano, wa kupanga foleni duka la ushirika, ugali wake ukinuka gunia, ndio nilioolewa Mwananyamala. Mwanangu, nakuambia nilichofanya, wala sijipambi.

Baba mkwe wangu alikuwa seremala mzee. Alifuga karaini visamaki vya urefu wa kidole, madume yana mikia myekundu kama kitenge kipya. Alivitoa kwenye dimbwi la nyuma ya nyumba kabla halijafukiwa kupisha viwanja. Madimbwi mengine aliyoyajua yalikuwa yameshafukiwa. Samaki wale huishi msimu mmoja tu. Hutaga topeni, wakafa, mayai yakalala humo mpaka mvua. Basi kila kiangazi mzee aliweka tope lake kwenye debe, masika akalitia maji, watoto wakaamka. Mie niliona uchizi.

Masika yalipokaribia, akaugua. Siku ya kupelekwa hospitali akaniita.

"Mkwe wangu, mvua ikianza, mwaga tope karaini, ulitie maji ndoo moja. Hao ndio wa mwisho."

Nami ndiyo kwanza natoka bombani, shingo inaniuma. Nikashika kiuno.

"Mie sinyweshi udongo maji, baba. Sinyweshi."

Akacheka kidogo. "Haya, mwanangu. Usilitupe tu."

Sikulitupa. Nililikandikia jiko! Tope laini, halina mchanga. Nikapika ugali wangu wa njano, najisifu.

Debe nikaliacha uani na mabaki ya tope chini yake, mvua ikalijaza. Mzee aliporudi, wiki nyingi baadaye, akaliinamia. Mlikuwa na samaki mmoja. Dume.

"Wenzake wako wapi?"

Nikatazama jiko. Naye akalitazama. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Kila asubuhi alikaa na yule dume, samaki akizunguka debeni na kutanua mapezi, hana wa kumtanulia. Kiangazi kikaja, dume akafa. Mzee akaosha debe, akanipa niendee bombani.

Mwanangu, mkubwa akikukabidhi kitu usichokielewa, uliza kwanza, kataa baadaye. Na kilichobaki peke yake kitunze, hata kama machoni pako ni tope. Mungu akupe mdomo usioitangulia akili, usije ukazeeka kama mie, kila mvua ya kwanza ikigonga bati najisikia mwenyewe:

"Mie sinyweshi udongo maji, baba. Sinyweshi."