Kizimba cha Mwaloni

Nilikwenda Jinja kwa sababu ya barua ya dada yangu Mariamu. Aliandika kwamba mamba amemchukua mwanamke mmoja pale mwaloni, ufukoni wanapoteka maji, na kwamba wenzake wananiomba niwatengenezee kizimba cha chuma cha kusimamisha ziwani, ili mtu ateke maji akiwa ndani. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na karakana yangu iko Nakaloke, kaskazini ya Mbale. Mariamu sikuwa nimemwona tangu yeye na mumewe Waiswa walipokimbia mapigano. Sasa walikuwa wamerudi kwao, wakakuta nyumba haina bati hata moja, na mamba wamezoea ufuko usio na watu.

Nilifuata vipimo vilivyokuwa kwenye barua. Nikakata nondo, nikachomelea pande tatu na mlango, vyote vya kuungana kwa boliti.

Jumanne alfajiri tulivipakia kwenye lori la Kamau, dereva Mkenya aliyekuwa akipeleka vitunguu Jinja. Alivizunguka vyuma vile mara mbili.

"Fundi, hii ni jela ya nani?"

Nilimweleza. Akasema nauli yangu nisimlipe, nimnunulie chai tu njiani.

Tulishika barabara ya Tororo. Lami ilikuwa imebaki vipande vipande, na Kamau aliendesha zaidi pembeni kwenye udongo kuliko katikati.

Saa tano hivi, baada ya Bugiri, tulifika kwenye kizuizi. Askari mmoja kijana alipanda nyuma, akagonga nondo kwa kitako cha bunduki.

"Mnaenda kufungia nani?"

Miaka michache nyuma, mtu aliyejibu vibaya swali kama hilo hakurudi nyumbani.

"Hakuna wa kufungwa, afande. Wanawake watasimama ndani, wateke maji. Kuna mamba."

Alichungulia kati ya nondo. "Watasimama ndani, na mamba abaki nje?"

"Ndiyo, afande."

"Basi ni kazi nzuri. Pita." Akateremka, akainua mti wa kizuizi mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika kishikio cha mlango wa lori, na sikukiachia mpaka kijiji cha pili.

Alasiri tuliingia Jinja, na jua likiwa bado juu Kamau alitushusha mwaloni, mimi na vyuma vyangu. Mariamu alikuja akikimbia. Alikuwa amekonda. Alinishika mkono, akawa anaupapasa kama anayetafuta kovu.

Wanawake walikusanyika. Nikawasalimu kwa Kiswahili, na wote wakarudi nyuma, maana kwao hiyo ilikuwa lugha ya wanajeshi. Mama mmoja mzee, jina lake Nabirye, akasogea mbele.

"Wewe afande?"

"Hapana, mama. Mimi fundi."

"Na hii Kiswahili ya kambi umetoa wapi?"

"Si ya kambi, mama. Ni ya nyumbani. Baba yetu alikuwa akiuza nguo sokoni Nakaloke kwa Kiswahili, nasi tukakua nacho."

Mariamu akawaeleza kwa Kisoga, lugha yao, akijigonga kifua kuonyesha kuwa tumezaliwa pamoja. Ndipo Nabirye akanipa mkono. "Kodheyo," alisema, ile salamu yao ya kumpokea mtu aliyetoka mbali. Baadaye Mariamu aliniambia kwamba mwanamke aliyechukuliwa na mamba alikuwa mke wa mtoto wa Nabirye.

Jumatano asubuhi Waiswa alinichukua kwa mtumbwi. "Shemeji, kwanza umwone mamba mwenyewe," alisema. Ziwa lilikuwa limetulia. Minandi, ndege weusi wa majini, walikausha mabawa juu ya mawe, na ndege mdiria alisimama hewani kabla ya kujirusha majini. Karibu na matete tuliona fisi maji wawili wakigombania samaki, mmoja akilalia mgongo kama mtoto kitandani. Mbele zaidi viboko walitoa masikio tu, na Waiswa akawapisha kwa mbali. Nilikuwa nimeanza kusahau nilichofuata.

Kisha akaacha kupiga kafi, akanionyesha kwa kidevu. Mamba alikuwa kwenye mchanga, kinywa wazi. Alikuwa karibu sawa na mtumbwi wetu kwa urefu.

"Ndiye?"

"Ndiye."

Nikazifikiria nondo zangu, nikaona nyembamba.

Adhuhuri wanaume walisimamisha kizimba huku wengine wakipiga maji kwa miti kumtisha mamba. Boliti za mbele zilitakiwa kukazwa kutoka ndani. Aliyezichomelea nondo ni mimi, kwa hiyo niliingia mimi. Maji yalinifika kiunoni. Nilipoinama na spana, mguu wangu ulipita chini ya chuma cha mwisho bila kugusa kitu. Mteremko wa ziwa haukuwamo kwenye barua, nami sikuuliza. Chini ya kizimba palikuwa na nafasi ya kupita mbuzi.

"Kaka," Mariamu aliita kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini kabisa. "Panda juu."

Sikuuliza kwa nini. Niliparamia nondo. Kizimba kizima kikatikisika, na pua pana ya mamba ikaingia chini, pale pale nilipokuwa nimesimama. Waiswa alikuwa kando na kafi, akampiga nayo, akampiga tena. Nondo zililia lakini boliti zilishika. Mamba akajirudisha nyuma polepole, akazama.

Nilitoka, nikakaa mchangani. Nabirye aliniletea uji, akasimama hapo mpaka nikaumaliza.

"Kesho utarudi kwenu?" aliuliza.

"Kwanza tuzibe chini, mama."

Mchana wote tulibeba mawe. Tulipigilia vipande vya nondo vya akiba nilivyokuja navyo chini kabisa kwenye udongo, tukayapanga mawe nyuma yake. Safari hii nilipima kwa mkono wangu, kila pembe.

Saa kumi na moja kizimba kilikuwa tayari, na hakuna aliyetaka kutangulia. Nabirye akachukua jerikani, akaingia, akafunga mlango. Mamba alikuja. Alizunguka, akagusa nondo mara moja, akaenda zake. Nabirye alijaza jerikani mpaka mdomoni, akatoka, akaiweka chini, akalia. Wenzake walimwacha alie. Kisha Mariamu akaingia, na nyuma yake foleni.

Alhamisi nilirudi na Kamau. Nililala njia nzima, jambo ambalo sikuwa nimelifanya barabarani tangu vita vianze, na aliniamsha tulipofika Mbale.

Baada ya mwezi Kamau alipita karakana na salamu za Nabirye. Wanawake, alisema, wakishaingia kizimbani hawatoki. Wanakaa mle na maji kiunoni, wanapiga soga, na foleni imefika barabarani. Nabirye anaomba nitengeneze kingine.

Niliyojifunza ni machache: fundi aende akapime mwenyewe, na hofu ya muda mrefu humtoka mtu akipata mahali pa kusimama bila kugeukageuka. Nilifunga karakana mapema siku ile, nikaenda kununua nondo.