Fundi Ilyasi, Mtunza Nasaba wa Biryogo

Zamani ukimuuliza mtu wa Biryogo babu wa babu yake alikuwa nani, alikuna kichwa kwanza, kisha akakuelekeza kwa Fundi Ilyasi. Mimi nilikuwa nauza vitenge mlango wa pili kutoka kwake, kwa hiyo najua ninachosema. Ilyasi alikuwa fundi cherehani wa kawaida, wa kanzu na sare za shule, na nisimsifu kwa uongo: suruali zake zilikuwa zinapinda mguu mmoja. Lakini kwa habari za nani kamzaa nani, hakuwa na mpinzani. Babu yake mwenyewe alikuja na wafanyabiashara kutoka Tabora, akaoa Mnyarwanda, akazikwa hapa hapa Kigali. Ilyasi alikuwa na barua tatu za kuthibitisha hayo, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, naye alizisoma kwa kubahatisha.

Chama chetu cha nasaba kilikutana nyuma ya duka lake kila Jumapili alasiri. Tulikuwa sita au saba, ikitegemea nani kagombana na nani wiki ile. Mimi nilikuwemo. Alikuwemo pia Pudentienne, mjane Mkatoliki aliyewahi kunakili vitabu vya ubatizo parokiani. Waliobaki walikuwa wazee wa mtaa. Mali yetu ilikuwa madaftari tisa yenye jalada gumu, ramani ya makaburi aliyoichora Ilyasi kwa penseli akitembea kaburi hadi kaburi, bahasha ya vyeti vya ndoa vya zamani, na birika la chai. Sheria ilikuwa moja: neno haliandikwi bila mashahidi wawili, na likishaandikwa halifutwi.

Watu walikuja kwetu hasa kabla ya harusi. Wachumba walikaa na wazee wao, daftari likafunguliwa, wakasomewa pande zote mbili ili ijulikane kama wana bibi mmoja au walinyonya ziwa moja. Siku hiyo ndipo mtu aliposikia asili yake yote, pamoja na yale yaliyofichwa. Kabla ya hapo hatukumwambia mtu jambo ambalo hakuuliza. Tuliiona hiyo ni heshima, na mpaka leo sijui kama nicheke au nilie nikikumbuka tulivyojivunia heshima yetu.

Dukani kwa Ilyasi kulikuwa na cherehani mbili, na ya pili ilikuwa ya Mahoro. Baba yake Mahoro alikuwa mwashi, rafiki mkubwa wa Ilyasi. Alipokufa, mtoto akiwa na miaka kumi na miwili na mama hana, Ilyasi alimchukua. Hakumbadilisha dini wala jina, alimfundisha kushona tu, na mwanafunzi akampita mwalimu. Wachumba walikuja, Mahoro akawatazama kuanzia viatu mpaka kofia, akawarudisha. Tulimtania kwamba anangoja mume wa kushonwa.

Ukurasa wake ulikuwa katika daftari la tano. Aliyetusimulia ni baba yake mwenyewe, na mashahidi wawili wakakiri. Babu yake Mahoro, Mutsinzi, alikuwa Mtutsi wa upande wa Kibungo. Miaka ile ya mauaji ya mwanzo mtoto wake mmoja alikimbilia Uganda, naye Mutsinzi akaja Kigali na mtoto wa pili, huyo mwashi, na kwa kujuana na mtu akapata karatasi zinazosema Mhutu. Mwashi akarithi karatasi hizo, na Mahoro akarithi kadi ya utambulisho inayosema Mhutu bila kujua kwamba kuna lolote nyuma yake. Angesomewa siku ya uchumba wake.

Mwezi wa saba wa mwaka 1990, kabla vita haijaanza, alikuja Nsengiyumva. Alikuwa karani wa ofisi moja kule Kacyiru, mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, maneno yake ya pole. Alisema anawatafuta watu wa mama yake. Alikuja Jumapili sita mfululizo. Kitu msichokijua ninyi msiofanya kazi hii ni njaa ya kusikilizwa. Watoto wetu wenyewe walikuwa wakituona tumeshika daftari wanakumbuka wana kazi sokoni. Huyu aliketi, akakataa sukari ya tatu, akauliza maswali mazuri, na akaandika kila kitu kwa mwandiko uliolala vizuri. Tulimpenda.

Jumapili ya nne Ilyasi alitaka kumwonyesha jinsi chama kinavyofungua mafundo magumu. Akachukua daftari la tano, akasoma ukurasa wa Mahoro kuanzia Mutsinzi mpaka chini. Mahoro mwenyewe alikuwa kwaya. Mimi nilikuwa namimina chai, na nilijisikia fahari kama mama ambaye mwanawe amesoma risala mbele za watu. Husemwa mdomo uliponza kichwa. Wa Ilyasi uliponza kichwa cha mwingine.

Oktoba vita ikaanza mpakani, na hapa mjini watu wakakamatwa kwa maelfu, wengi wao Watutsi. Kaka yake Pudentienne alifungiwa katika uwanja wa mpira na wenzake na hakurudi mzima. Pudentienne akatuambia tuchome madaftari. Tukayachoma yote tisa kwenye jiko la mkaa, ukurasa kwa ukurasa, Ilyasi akilia waziwazi. Yaliyoandikwa na karani hayakuwa mikononi mwetu kuyachoma, na karani mwenyewe hakuja tena kwenye kikao.

Alipita tena mwaka wa 1992, siku ya kazi, mchana. Alivaa kofia ya chama chake cha siasa, na nyuma yake kulikuwa na wanaume wanne wenye kofia hizo hizo. Alisimama mlangoni kwa adabu yake ya zamani.

"Mzee Ilyasi, habari ya kazi? Na mjukuu wa Mutsinzi, iko anaendelea?"

Alisema hivyo akimtazama Mahoro usoni, kisha akaenda zake. Mahoro akasimamisha cherehani.

"Baba, Mutsinzi ni nani?"

"Mteja wa zamani," Ilyasi akasema. "Amekuchanganya na mtu."

"Aa. Mimi naona kama iko aliniangalia mimi."

"Shona, mwanangu. Hizo sare zinangojewa."

Wiki iliyofuata Ilyasi alivaa kanzu safi akaenda Kacyiru kuukana ukurasa ule. Alimwambia Nsengiyumva kwamba chama kilikosea, kwamba amepatikana shahidi mpya, kwamba mwashi alikuwa mtoto wa mtu mwingine kabisa. Ilyasi hajui kudanganya, alinisimulia mwenyewe jinsi alivyokwamakwama. Karani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," akamwambia, "wewe ndiyo ulinifundisha. Mashahidi walikuwa wawili."

Alirudi amekunjamana. Nilimfuata nyuma ya duka, nikamwuliza atamwambia lini Mahoro ukweli.

"Nitamwambia vipi, Mama Sada? Nikimwambia yeye ni nani, ataniuliza karani alijuaje."

"Mwache aulize."

"Ameniita baba miaka kumi na nne."

Nilimkasirikia, na bado nimemkasirikia. Lakini mdomo na mimi ninao, na sikuutumia. Nilijiambia kwamba mtoto si wangu, na asemaye ni mlezi. Ni uvivu wa moyo niliouita adabu.

Mwisho wa 1993 mlango ulifunguka. Mama mmoja mwenye duka la sare huko Bukavu, Zaire, aliona kazi ya Mahoro, akataka aende kumfanyia kazi, na chumba angempa. Wakati huo maguruneti yalikuwa yanalipuka sokoni, redio inatukana watu mchana kutwa, na kila mwenye jamaa ng'ambo alikuwa anamkumbuka. Ilyasi alimsihi aende. Mahoro akacheka.

"Mimi nakimbia nini, Baba? Karita yangu inasema Mhutu, iko sawa. Nani atakaa na wewe hapa, na macho yako haya hata uzi hauingizi?"

Alikuwa anabaki kwa ajili yake. Ilyasi alitoka nje akaja kwangu, akaketi juu ya mzigo wa vitenge, akanisimulia. Nikamwambia aende sasa hivi amwambie, yule mama wa Bukavu hajaondoka. Akasema Ijumaa, baada ya sala. Ijumaa ikapita. Ukaingia mwezi wa Ramadhani, akasema mwezi mtukufu si wa kumvunja mtoto moyo, baada ya Idi. Tukala Idi, Mahoro akatupikia pilau, na Ilyasi akasifu pilau.

Asubuhi ya tarehe saba Aprili tuliamka redio inasema watu wasitoke majumbani. Kilichofuata mnakijua. Mtaani kwetu milango mingi ilifunguliwa kwa waliokimbia, na kwa Ilyasi waliingia watu tisa, Pudentienne akiwa mmoja wao. Tuliwapandisha juu ya dari. Siku ya nne maji yakaisha, na juu kulikuwa na mtoto wa kunyonya ambaye mama yake maziwa yamekauka. Mabomba ya nyumbani yalikuwa yamekatika. Bomba lililobaki lilikuwa chini barabarani, ng'ambo ya bariyeri, kizuizi cha wauaji, na pale ilikuwa lazima uonyeshe kadi. Mahoro akachukua madumu mawili.

"Naenda mimi. Mzee akitoka watamshika awachimbie mashimo ya maiti. Mama Sada, wewe miguu yako imechoka. Na mimi karita yangu iko sawa."

Ilyasi akasimama mlangoni. "Usiende."

"Kwa nini?"

"Nje kubaya."

"Kubaya kwa hawa," akasema polepole, akionyesha dari. "Ndiyo maana nakwenda mimi."

Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwao. Nilingoja Ilyasi aseme, na nadhani Ilyasi alingoja niseme mimi. Mahoro alimshika mkono, akamsogeza kando kama unavyomsogeza mzee aliyeziba njia, akatoka.

Mwanamke aliyekuwa kwenye foleni ya bariyeri ndiye aliyetusimulia. Waliisoma kadi yake, kisha wakasoma karatasi yao ya majina, wakamtajia Mutsinzi. Mahoro hakukimbia, wala hakuomba kusamehewa. Alibishana nao. Aliwaambia wamekosea mtu, Mutsinzi ni mteja wa zamani wa baba yake, kama hawaamini wamwite baba yake hapo awaambie mwenyewe. Walimuua hapo hapo, na madumu yakachukuliwa.

Maji nilikwenda kuyateka mimi siku iliyofuata, kwa miguu yangu hii hii iliyochoka. Watu wote tisa wa darini walipona, yule mtoto akiwemo. Namshukuru Mungu kwa ajili yao, lakini shukrani yenyewe hainitoki vizuri. Nsengiyumva alivuka mpaka mwezi wa saba pamoja na umati uliokimbilia Zaire, na hatujasikia tena habari zake.

Ilyasi aliacha kuzungumza habari za nasaba. Chama kilikuwa kimebaki na watu watatu, na hakuna aliyeuliza kama tutakutana. Alifungua duka kwa sababu tumbo halina matanga, akakaa kwenye cherehani yake, na ile ya pili akaifunika shuka.

Agosti akaja mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi, Kellen, mwalimu. Alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanarudi kutoka Uganda kwa malori. Nilikuwa pale dukani. Alisalimia kwa heshima, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Mzee wangu, nimetoka Mbarara. Kule sokoni wamesema wewe unajua watu wote wa hapa. Natafuta watu wa Mutsinzi wa Kibungo."

Nilidhani Ilyasi atasema hajui. Lakini nasaba ikamtoka, kwa sauti ile ile ya Jumapili: Mutsinzi alizaa wanaume wawili, mkubwa akakimbilia Uganda, mdogo akawa mwashi hapa Kigali. Kellen alianza kulia huku anacheka. Huyo mkubwa alikuwa baba yake. Alikufa mwaka uliopita, akimtaja mdogo wake mpaka siku ya mwisho.

"Na huyu mdogo, alizaa?"

"Mmoja," Ilyasi akasema. "Mahoro. Alikuwa anashona hapa."

Kellen akaitazama cherehani iliyofunikwa. Siku zile hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya "alikuwa". Akafuta uso kwa kiganja. Kisha akauliza jambo moja tu, taratibu, kama mtu anayeomba chochote cha kurudi nacho nyumbani.

"Alijua hata kidogo kama sisi tuko? Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Hukumwambia mtu yeyote, Mzee?"

Ilyasi aliangalia mikono yake. "Nilimwambia mtu mmoja," akasema. "Anaitwa Nsengiyumva."

Kellen akasogeza kiti karibu. "Huyo ni ndugu yetu?" akauliza. "Wa upande gani?"