Batani ya Kataa na Magoti Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na mgongo, kompyuta ya mezani iliyojaa vumbi la pumba, na maneno ya Meneja wa Kituo cha Idete: "Mama Konso, usiguse kitu usichokijua." Nikamwambia, "Basi bosi nikae tu, maana sijui hata kimoja." Tukacheka wote wawili. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu. Mengine nilijifunza kwa kufokewa.

Mimi ni wa darasa la saba. Kuchapa nilijifunzia kwenye duka la steshenari pale Ifakara mjini, nikiwachapia watu barua za kuomba kazi ambazo mimi mwenyewe sikuwa nazo. Kampuni ya kununua mpunga ilipoleta kompyuta kwenye mizani yake, ikatafuta mtu wa kuandika haraka. Wakanichukua. Siitaji kampuni kwa jina, ilishafunga milango na ina haki ya kulala. Lakini watu nitawataja, maana wao hawajalala, nawaona mjini wakinikwepa.

Ninyi vijana mnaochora fomu za kompyuta mnadhani kazi yenu inaishia kwenye rangi. Ngoja niwaambie. Fomu ina visanduku vya kujaza na batani za kubonyeza. Kwa mausi unabonyeza unachokitaka. Lakini kibodi haina macho, yenyewe inabonyeza kile kilichoshikwa na kompyuta wakati huo. Kilichoshikwa huzungushiwa kijifremu cha nukta nukta, chembamba kama uzi wa buibui. Wataalamu wanakiita fokasi. Ukipiga Tab, fokasi inahamia kitu kinachofuata. Ukipiga ile Spesi ndefu ya chini, batani yenye fokasi inabonyezwa. Na sikilizeni vizuri: haibonyezwi unapoishusha Spesi, inabonyezwa unapoiachia. Hilo lilinitafuna miaka.

Kule Idete shida ilikuwa Enta. Aliyechora ile fomu aliiambia kwamba Enta, popote ulipo, ni Hifadhi. Sisi tukimaliza kuandika jina tunapiga Enta tushuke kisanduku cha chini, kumbe tumeshahifadhi mkulima asiye na kijiji wala mzigo. Meneja wa Kituo alikuja siku moja amevimba. "Mama Konso, hawa wakulima wasio na magunia wanakuja kufanya nini kwenye mizani?" Nikamwambia labda wanakuja kusalimia. Wiki iliyofuata nikahamishiwa kituo cha kijiji cha Mbingu.

Kule Mbingu shida ilikuwa Tab. Unaandika jina, unapiga Tab, inaruka hadi uzito, inarudi kwenye kijiji, inakwenda kwenye simu, utafikiri mlevi anatafuta mlango wa kwake. Nikaizoea. Vidole vyangu vikajua njia kuliko macho. Ndipo nikapandishwa, nikarudishwa Ifakara, ghala kuu, chini ya Meneja Kapinga. Huyo wa kwanza kumtaja.

Meneja Kapinga alikuwa mtu wa kubana. Meza ya kompyuta aliinunua nyembamba, ya shule, hata kibodi ilikaa ukingoni ikichungulia sakafu. Na fomu mpya aliileta mtu wa pili ninayemtaja, Mtaalamu wa Mfumo, Godlove, kijana wa Morogoro mwenye viatu vya kuchongoka. Fomu yake ilikuwa nzuri, kwa kweli. Mzigo ukipanda mzani, uzito unajiandika wenyewe, kisha chini zinasubiri batani mbili: Pokea na Kataa. Ukipokea, wabebaji wanaingiza magunia ghalani. Ukikataa, printa inatoa kikaratasi chenye sababu, na sababu ya kwanza kwenye orodha ilikuwa Unyevu. Mkulima anageuza na mpunga wake. Kutengua kilichokataliwa ni kwa nywila ya meneja peke yake, na Kapinga alikuwa na msemo wake: "Mfumo ukishasema, umesema."

Mimi nilibonyeza Pokea kwa mausi. Siku ya kwanza kila kitu kikaenda. Siku ya pili akaingia Bibi Tekla wa Idete.

Bibi Tekla alinijua tangu nikiwa kwenye kiti kisicho na mgongo. Alikuja na mpunga wake kwa bajaji, umekauka unalia kama changarawe. Magunia yakapanda mzani. Nikainuka kumsalimu. Sasa, sisi wa upande wa Mahenge tumelelewa hivi: mwanamke akimsalimu mkubwa wake anakunja goti, uso chini. Magoti yangu hata wakati ule yalikuwa yameanza kudai haki zao, nikashika meza.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo Bibi."

Nikainuka, na printa ikaanza kunguruma. Unyevu. Kataa.

"Ina maji?" Bibi Tekla akauliza. Akachota konzi ya mpunga, akatafuna punje moja mbele yangu, ikalia ka! "Konso, haya ni maji?"

Nikamkimbilia Kapinga. Hakuinua hata kichwa. "Mfumo ukishasema..." Bibi akarudi na mzigo wake, na njiani mvua ikamkuta. Mpunga ukaloa kweli. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote, kwamba kompyuta ilimtabiria.

Tangu siku hiyo ikawa mchezo. Vijana wanapita. Wafanyabiashara wa lumbesa, yale magunia yaliyoshindiliwa kupita kipimo, wanapita, hata wenye magunia yaliyojaa mawe. Akija mzee tu, akija bibi tu, Unyevu! Nami nimemkunjia goti kwa heshima zote. Mwenzangu wa zamu ya pili, Ponsiano, huyo wa tatu kumtaja, hakukataa mzee hata mmoja. Yeye alisalimu amekaa, mdomoni ana muwa. "Shikamoo bibi, pandisha mzigo." Kwa zamu yake mambo laini.

Ponsiano ndiye aliyeeneza maneno. Alianza kwa utani. "Mama Konso ana deni na wazee, wacheni awalipizie." Utani ukatoka ghalani, ukafika kwenye jumuiya, tukiwa tunasali kwa zamu nyumba hadi nyumba. Mama mmoja akasema mbele yangu, bila hata kugeuza shingo, "Kuna watu wanakupigia goti huku wanakukataa moyoni." Wote wakatazama miguu yangu. Wazee wakaanza kuuliza mlangoni, "Leo ni zamu ya nani?" Wakisikia ni yangu wanakaa nje na magunia yao, Bibi Tekla mmoja wao, mpaka mchana, aingie Ponsiano. Watu walionilea walikuwa wananisubiri niondoke.

Nikampigia Godlove simu. Akanisikiliza kwa pumzi za kuchoka. "Mama, unabonyeza Kataa kwa bahati mbaya. Nitakuwekea kinga." Akaleta kinga: ukibonyeza Kataa, kinatokea kidirisha kinauliza, Una uhakika? Ndiyo, Hapana. Na fokasi, mjuzi huyu, akaiweka kwenye Ndiyo.

Sasa salamu zetu haziishi kwa moja. Ya kwanza nakunja goti, shikamoo. Mkubwa anauliza watoto, nakunja la pili, hawajambo. Kinga ya Godlove ikanifanya niwakatae wazee kwa uhakika.

Kapinga akaniita ofisini. "Mama Konso, mzee mmoja zaidi, kazi huna. Na nitaandika ni kwa sababu gani, usipate nyingine." Nikajaribu kusalimu nimekaa, kama Ponsiano. Akaja babu mmoja wa Kibaoni, nikamwambia shikamoo toka kitini. Mpunga ukapita, sawa. Lakini babu akanitazama kwa muda. "Umekuwa bwana mkubwa siku hizi?" Akachukua kikaratasi chake cha kupokelewa kana kwamba nimemtukana. Usiku huo sikula. Nikaona nina njia mbili za kuwaudhi wazee, na zote zina risiti.

Mwisho Godlove akaja mwenyewe toka Morogoro. Akakaa kwenye kiti changu, akapima, akapokea, akapima, akapokea. "Mfumo hauna tatizo," akamwambia Kapinga. "Tatizo ni mtumiaji." Kapinga akafurahi. Akamwondoa Godlove kitini, akakaa yeye. "Sogea Mama Konso, nikuonyeshe kazi inavyofanywa bila vituko."

Mzigo ukapanda mzani. Kapinga akainua macho kuona ni wa nani, na rangi ikamtoka. Mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe wake, katoka Mbingu na mpunga wa shamba lake.

Kwetu mkwe si mtu wa kuchezea. Kapinga aliruka kitini kama kiti kina moto. Akainama, macho sakafuni, kiganja kimeshika ukingo wa meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimeona nilete kwako, nisihangaike na wageni. Wajukuu hawajambo?"

Kapinga akainama tena, chini zaidi ya mwanzo. "Hawajambo mama, wanakusalimu sana."

Alipojiinua, printa ikanguruma.

Kikaratasi kikatoka taratibu, kikaning'inia. Mama mkwe hakujua kusoma, lakini wabebaji walijua, mmoja akatangaza kwa sauti ya kazini, "Unyevu! Teremsha!"

"Baba," mama mkwe akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, "mpunga niliouanika kwa mikono yangu una maji?"

Godlove alikuwa hatazami printa. Alikuwa anatazama kiganja cha Kapinga, ambacho bado kilikuwa kinaelea juu ya Spesi. "Bosi," akasema, "usiusogeze huo mkono kwanza." Akachuchumaa kuangalia skrini, kisha kibodi, kisha akanitazama mimi. "Mama, wewe huwa unasalimuje?" Nikamwonyesha: goti linakunjwa, kiganja kinaegemea Spesi pale ukingoni, nikiinuka kinaiachia. Akafumba macho.

Batani ya Kataa aliichora kabla ya Pokea, ndiyo yote. Kompyuta hufuata mpangilio uliochorwa, na uzito ukishaandikwa fokasi iliangukia ile ya kwanza. Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko chai aliyoiagiza. Fokasi ikabaki kwenye kisanduku cha uzito, ambako Spesi haina madhara. Kwenye kidirisha cha kuuliza, ikahamia Hapana. Kataa ikawa ya mausi tu. Nywila ya meneja, ile isiyotumika kamwe, siku hiyo ikatumika mbele ya mama mkwe kwa kasi ya ajabu.

Pole sikupewa. Kapinga aliandika kwenye taarifa kwamba hitilafu imegunduliwa na uongozi. Ponsiano aliendelea na muwa wake. Mimi niliendelea na mzani mpaka kampuni ilipofunga, nikatoka na magoti mabovu na bila sherehe. Leo nauza vitumbua karibu na stendi, na nikiona kijana ana kompyuta ndogo huwa namwuliza: ukipiga Spesi hapo, nini kinabonyezwa? Wengi hawajui. Wananunua vitumbua wanaondoka haraka. Ninawaomba tu, kabla hamjampa mtu fomu, mkae nyuma yake asubuhi nzima mwone mikono yake inakwenda wapi akiwa hafanyi kazi yenu. Watu hawaji kwenye kompyuta na vidole pekee.

Kampuni ilipofunga nilikwenda Idete kwa Bibi Tekla. Nilimkuta ameanika mpunga kwenye turubai, anafukuza kuku. Sikujua nianzie wapi, fokasi haina jina kwa Kipogoro chetu. Nikamweleza nilivyoweza: kwamba nilipokunja goti mkono ulishika kitu, na nilipoinuka kile kitu kikamkataa.

Akageuza mpunga kwa mguu.

"Kwa hiyo uliponipigia goti, ndipo uliponikataa?"

"Ndiyo Bibi."

"Na yule mla muwa alinipokea kwa sababu hakuinuka?"

"Ndiyo Bibi."

Akafukuza kuku mmoja, akanisogezea kigoda.

"Bora nilivyokataliwa na wewe," akasema. "Kaa, usikunje tena hayo magoti."