Mimba ya Bi Mwanapili

Bi Mwanapili wa Bodo ni kungwi. Bibi harusi asiyefundwa naye, huko kwao huhesabiwa ameolewa nusu. Meno hana, mume alimzika zamani, lakini akikizungusha kiuno hata milango hugeuka kutazama.

Harusi ya Hafsa, mwari wake, ilikuwa iwe Ijumaa. Jumatatu tumbo la Bi Mwanapili likavimba, akaenda zahanati. Nesi Mercy, mgeni kutoka bara, humpima mimba kila mwanamke aliyeshika tumbo. Alitumbukiza kipimo kwenye mkojo, akaenda kunywa chai. Aliporudi akakuta mistari miwili.

"Hongera, shosho."

"Ya nini, mwanangu?"

"Una mimba."

Habari ilifika Bodo kabla mwenyewe hajavaa viatu. Fauzia, mamake Hafsa, akapiga simu.

"Shikamoo, Bi Mwanapili. Mwanangu hatafundwa na mjane mwenye mimba. Natafuta kungwi mwingine."

Bi Mwanapili akaingia kwa Daktari Chirau, hapo hapo zahanati, kipimo mkononi.

"Daktari, aliyenipa mimba hii mtafute. Hata mimi namtaka."

Chirau alimtazama bibi, akakitazama kipimo, akamwita nesi.

"Mercy, mtu akikwambia ameona papa baharini Bodo, utamwamini?"

"Nitamwamini."

"Mtu yule yule, macho yale yale, akisema amemwona papa Mackinnon Road, nyikani?"

"Nitamuuliza kwanza amekunywa nini."

"Basi. Kipimo ni kile kile. Kwa bibi harusi wa juzi, kiamini. Kwa bibi huyu, kosa lina nafasi kubwa kuliko mtoto. Ulikisoma lini?"

"Baada ya chai." Mercy akatazama chini. "Na mahamri."

"Kikikaa kikakauka, hujichorea mstari chenyewe. Rudia, na usibanduke hapo."

Safari hii ulitoka mstari mmoja. Chirau akabonyeza tumbo la mgonjwa.

"Umekula nini, Bi?"

"Nilipita jikoni kwa kina Hafsa, nikaonja mbaazi za harusi."

"Ulionja kiasi gani?"

"Sufuria."

Bi Mwanapili akapiga simu kwa Fauzia, akamwekea daktari sikioni. Chirau alieleza habari ya papa tangu mwanzo. Fauzia akasema kungwi aje, ila jikoni asipite.

Ijumaa Hafsa alifundwa, akafundika. Shughuli ilipokwisha, vikongwe wa Bodo hawakuondoka. Habari ya kipimo cha pili walikuwa wameisikia, wakaiacha ipite, wakaishika ya kwanza. Mkubwa wao alimsogelea kungwi, akaangalia nyuma, akanong'ona:

"Mwenzetu, zile mbaazi zilinunuliwa kwa nani?"