Feni Iliyochomolewa Waya

Hizi gari ndogo za mjini zina ugonjwa wao: zinachemka. Muulize fundi yeyote pale Meru, atakwambia radieta imeziba, maji yanavuja, au feni imekufa. Yetu feni haikufa. Baba aliichomoa waya mwenyewe, eti inapiga kelele na kumaliza betri bure. "Hapa Kaaga na baridi hii yote, feni ni ya nini?" Na kweli, miaka yote ya kwenda soko la Gakoromone na kurudi, gari haikulalamika hata siku moja.

Halafu mama mdogo akapiga simu kutoka Ishiara. Nyanya, mamake mama, alikuwa amezidiwa na alimtaka mama aje apate baraka zake.

Mama alitoroka kwao akiwa msichana, akaolewa na baba bila ruhusa ya mtu. Kwao, mzazi akikubariki hutema mate kidogo kiganjani, akakupaka kifuani. Mama alizaa, akalea, akaota mvi bila kuguswa na kile kiganja. Ng'ombe akifa, mtoto akiugua, tulijua anawaza ile baraka aliyoikosa.

Nilisema tupande gari la abiria. Baba akanikata kauli. "Mimi ndiye nilimtoa kwao. Nitamrudisha mimi mwenyewe." Kichwa ngumu, Mungu wangu!

Barabara kuu tulikimbia vizuri, upepo ukipoza injini. Lakini karibu na Ishiara barabara ilikuwa ikitengenezwa, tukaelekezwa pembeni kwenye vumbi, mwendo wa kinyonga, na jua la huko si la mchezo. Mshale wa joto ukapanda. Mvuke ukafoka chini ya boneti.

"Itapoa tu," baba akasema. Tukangoja. Tukaenda kidogo, ikachemka tena. Mama alikuwa anakunja na kukunjua leso yake. Nafikiri ndiyo iliyomchanganya baba, ile leso. Alichukua mtungi wa maji baridi akaumimina wote kwenye injini iliyokuwa inawaka kwa joto. Nilipiga kelele, wapi! Ikalia ta! Kichwa cha injini kikapasuka, gari ikafia hapo.

Nilimchukia baba wakati ule, sifichi. Nikasimamisha bodaboda, nikapanda na mama. Baba alibaki kando ya barabara, mtungi mtupu mkononi.

Mama mdogo alikuwa mlangoni, na kwa kumwona tu nilijua.

"Ametutoka sasa hivi, dada," akasema. "Amekungoja, aki amekungoja. Alipoona hufiki alitema mate kiganjani, akafunga ngumi. Akatuambia tusiifungue, ni ya yule wa Meru."

Nyanya alikuwa amelala chali, mdogo kuliko nilivyodhani, ngumi ya kulia juu ya blanketi. Mama akapiga magoti. Akavifungua vile vidole pole pole, kimoja baada ya kingine, akichelea kuviumiza. Ndani kiganja kilikuwa kikavu.

Hakulia. Alifungua vifungo vya blauzi, akakichukua kile kiganja akakiweka kifuani, akakikandamiza kwa mikono yake yote miwili. Kisha akageuka kuniangalia, mama yangu mzima na mvi zake, akaniuliza kama mtoto:

"Imeshika? Unaona imeshika?"

Nikamwambia imeshika, mama. Imeshika.