Gundi Mgongoni mwa Nyigu

Mwaka ule nilikuwa nimechoka mpaka Jumapili moja kanisani nilipiga magoti kuomba, wenzangu wakasimama kwa wimbo, mimi nikabaki chini. Watu wakadhani Roho amenishukia. Nilikuwa nimelala.

Kazi yangu ilikuwa kugundisha nyigu. Sio wale wakubwa wa kujenga udongo ukutani. Hawa ni wadogo kama chawa, weusi. Jike anataga mayai ndani ya kiwavi aliye hai, na watoto wanamla kiwavi kutoka ndani. Wakulima wa mahindi wanasaidiwa nao bila kuwajua. Maabara yetu, kule Kawempe, ilikuwa inataka kujua jenasi mbili zinazofanana sana, Cotesia na Apanteles, ni ipi iko kwenye mashamba gani.

Asubuhi nilitoka Kyebando kwa mguu, nikakaa kwenye hadubini mpaka saa kumi, halafu nikaenda Bukoto kwa masomo ya jioni. Nilikuwa natafuta cheti cha ufundi wa maabara, na miaka yangu arobaini na tatu, na watoto wanne nyumbani. Kazini nilikuwa kibarua tu. Mkubwa wetu, Mkenya mmoja tuliyemwita Daktari ingawa hakutibu mtu, alikuwa ameniambia: "Mama, hili sanduku la nyigu likienda vizuri, nakusainia mkataba wa miaka miwili." Nilimwambia Mungu hilo neno kila asubuhi njiani, asije akasahau.

Kugundisha ni hivi. Unakata karatasi ngumu pembetatu ndogo, unaichoma pini, unaweka gundi kwenye ncha, unambandika nyigu kwa ubavu wa kulia. Ubavu wa kushoto na mgongo vinabaki wazi, kwa sababu hapo ndipo anaposomwa. Gundi inatakiwa kama chembe ya chumvi.

Mimi niliweka zaidi. Mwanzoni nyigu wangu walikuwa wanadondoka. Sanduku likibebwa kwa boda kidogo tu, ukifungua unakuta vichwa vimelala chini. Daktari akanung'unika. Basi nikaongeza gundi, kama mtu anavyoongeza unga kwa sababu uji wa jana ulikuwa mwepesi. Hawakudondoka tena. Nikasifiwa.

Ikabaki wiki moja sanduku lipelekwe kwa wakubwa wa Daktari, na ikawa zamu ya kuandika lebo. Majike hawakunisumbua. Jike ana sindano ya kutagia huku nyuma: Cotesia yake ni fupi, imejificha, na Apanteles yake imetokeza, ndefu. Lakini dume hana sindano. Dume unamjua kwa mgongo, pale mwisho kabla ya kiuno. Cotesia pale panakwaruza kama barabara ya murram isiyo na lami, na mstari mmoja katikati. Apanteles ana kama kachumba kadogo kamechorwa katikati.

Nikaweka dume wa kwanza kwenye hadubini. Mgongoni pake palikuwa panang'aa tu, kama mafuta yaliyoganda kwenye sahani. Gundi yangu. Wa pili vilevile. Nilikuwa na madume sitini na mawili.

Nikaenda kwa Daktari.

"Daktari, hawa madume wa mtego huu siwaoni mgongo."

"Majike wa mtego huo ni nini?"

"Wote Cotesia."

"Basi na madume ni Cotesia. Mama, mume wa kuku ni nani? Ni bata?"

Mzee wa mitego akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Huyu alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, na ndiye aliyetunza mitego yetu ya neti ya kunasia nyigu, iliyosimama shambani kama hema. Baba yangu pia alikuwa jeshini, kwa hiyo tuliongea Kiswahili kilekile cha barracks. "Daktari, usiseme hivyo," akasema. "Kule kwetu kambini hata bata aliwezekana."

Nikarudi mezani. Sasa, kuna desturi. Kwenye lebo, chini ya jina la mdudu, anaandika jina lake yule aliyemtambua. Sanduku hili Daktari alisema liwe na jina langu. Mimi jina langu nimeliona kwenye kadi ya kliniki na kwenye orodha ya kufagia kanisa, basi. Nikaandika Cotesia kwa dume wa kwanza, na jina langu chini, herufi nzuri. Kwa wa pili mkono ukakataa.

"Nini tena, Mama Kanisa?" mzee akauliza.

"Usishuhudie uongo."

"Bambi, jamani! Hiyo amri inasema jirani. Huyu ni nyigu, tena amekufa."

"Atakayesoma lebo hajafa."

Akatikisa kichwa, akaenda kwenye mitego yake.

Nikachana ile lebo. Nikachukua maji ya moto kwenye thamosi ya chai, nikamdondoshea dume tone moja kwa brashi, nikasubiri gundi ilainike, nikaikwangua kwa ncha ya pini. Wengine walitoka wazima. Wengine walivunjika shingo mkononi mwangu. Siku nne nilifanya hivyo, masomo ya jioni nikakosa mara mbili, macho yakawa kama yamepakwa pilipili. Dume wa kumi na saba, gundi ilipotoka, nikaona kachumba. Nikapangusa kioo, nikaangalia tena. Kachumba. Mpaka Alhamisi nilikuwa na Apanteles watano kutoka mtego ambao majike wake wote ni Cotesia, na tisa ambao hawasomeki tena kabisa. Hao tisa nikawaandikia: dume, hajulikani.

Hapo ndipo nikakumbuka masanduku matatu ya nyuma yaliyoko kabatini. Niliyagundisha mimi, na madume yake Daktari aliyapa majina kwa kufuata majike. Hakuna aliyekuwa anayauliza.

Ijumaa Daktari alikuwa na karatasi ya mkataba mezani. Akawaangalia wale watano mmoja mmoja. Nikamwambia mwenyewe kabla sijaogopa.

"Na ya kabatini, Daktari, gundi ni ileile."

"Yote matatu?"

"Mkono ni huuhuu mmoja."

Akavua miwani. "Mama, unajua leo nilikuwa nasaini miaka miwili?"

"Najua."

"Sasa wakubwa wangu nitawaambia nini? Kwamba nimempa mkataba aliyeharibu masanduku manne?"

Akakata palipoandikwa miaka miwili, akaandika miezi mitatu, akasaini. Miezi mitatu ya kuosha gundi. Baada ya hapo, akasema, tutaona.

Sitadanganya, iliniuma. Nilikuwa nimeshawaambia watoto. Nikaenda kwenye sinki, nikafungua bomba ili lipige kelele, nikakaa hapo mpaka pumzi ikarudi. Kisha nikanawa uso, nikarudi nikasimama mlangoni kwake.

"Kale, sawa, Daktari. Miezi mitatu. Lakini ile taa ya hadubini inapepesa. Nahitaji balbu nyingine, macho ni haya tu niliyo nayo."

Akainuka, akaenda kuitafuta mwenyewe.